Kichwa cha Chewa

Jioni ile nilirudi kwenye banda la kupasulia samaki kuchukua khanga niliyoisahau. Shemeji, mdogo wa mume wangu, akaingia akiburuta chewa mzito kama gunia la unga. Akajisifu kwamba kamchoma mkuki kwenye pango lile lile la mwambani. Nyuma yake alikuja mama mkwe.

Wapiga mbizi wetu wana mwiko: chewa akitolewa pangoni, kichwa chake kirudishwe humo kabla giza halijaingia. Mwezi mmoja kabla ya jioni hiyo, shemeji alimchoma wa kwanza. Kichwa, mama mkwe alimtuma mume wangu akirudishe. Mume wangu hakuonekana tena, iliokotwa miwani yake ya kuzamia tu. Nililia mpaka sauti ikakauka. Wiki hiyohiyo mama mkwe akaitupa fimbo yake, akaanza kutembea kama msichana.

Shemeji alitoka kwenda kunawa. Nikashika kisu. Samaki alikuwa bado hai, macho yake yananifuata.

"Mh... mh..."

Kisu kikaniponyoka.

Mume wangu alikuwa haanzi neno bila kuguna hivyo. Wenzake walimwita Jenereta, na mimi nilimtania kwa jina hilo hata chumbani.

Nikamkumbatia yule samaki, utelezi na miiba yote, nimrudishe majini. Mama mkwe akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na alinuka mwani uliooza.

"Pango lile halikai tupu, mwanangu," akaninong'oneza. "Likishiba, na mimi nashiba."

Akaokota kisu, akapasua mwenyewe. Taratibu. Mguno ulikatika katikati.

Alichukua ini, akanisogezea ndoo yenye kichwa. Midomo ilikuwa bado inachezacheza.

"Safari hii utapeleka wewe," akasema, akaondoka zake nyumbani.

Nilimchukia kuliko nilivyomwogopa. Nikaibeba ndoo mpaka bombani, alikokuwa shemeji, kipenzi chake, asiyejua lolote.

"Shemeji, mama kasema kichwa ukirudishe wewe mwenyewe."

"Haya," akajibu, akaenda zake akipiga mluzi.

Siku hizi mama mkwe anashinda bandani. Kila chewa akiletwa, anamwinamia, anamtegea sikio asikie mluzi, kisha ananitazama kwa macho ya kuomba.

Mimi namwambia asogee kidogo, nipate kufanya kazi.