Taa Ambazo Hazikuwaka

Siku hiyo mjinga alikuwa Kigen. Leo anakubali mwenyewe, ingawa ilimchukua muda.

Kigen ni dereva wa lori, anaishi Kiamunyi. Mwezi huo alikuwa amerarua turubai mara mbili kwenye matawi ya juu, na mara zote mbili akalaumu miti. Mkewe, Jepchumba, alichoka.

"Baba Cheruto, miti haihami. Twende kliniki ya macho."

Huko walimkuta Naliaka, mpimaji wa macho. Alimpima Kigen presha ya macho na kupiga picha ya ndani ya jicho. Kisha akamketisha mbele ya mashine, akamfunika jicho moja.

"Tazama hapa katikati tu. Ukiona taa ndogo pembeni, bonyeza."

Kigen alidhani ni mtihani wa leseni. Akifeli, lori litapewa mtu mwingine. Basi taa ikiwaka, akabonyeza. Isipowaka, akabonyeza pia, isije ikampita.

Naliaka alisoma karatasi ya majibu iliyotoka kwenye mashine, akashusha pumzi. "Mzee, umeona taa ambazo hazikuwaka."

"Macho yangu ni makali, madam."

"Makali kuliko mashine?" Jepchumba aliguna.

Naliaka aliweka ile picha mezani. "Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga. Unaitwa retina. Nyuzi zake hupeleka habari kwenye ubongo, kama nyaya za stima. Za kwako zimekonda hapa chini, na sehemu ya chini ndiyo huona vitu vya juu. Picha inanionyesha nyaya. Ile mashine inanionyesha unachoona. Lazima nilinganishe zote mbili. Sasa moja imenidanganya, na si picha."

"Lakini sisikii uchungu wowote."

"Nashuku glakoma, ugonjwa unaoharibu nyuzi hizo, na kwa kawaida hauumi. Unakula uwezo wa kuona pembeni polepole, na jicho lingine linaziba pengo. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukilinda. Na ndugu zako waje wapimwe, kwa sababu ugonjwa huu hurithiwa katika familia."

Kigen alirudi kwenye mashine. Safari hii alibonyeza kwa haki. Taa za chini aliziona. Za juu, nyingi zilimpita. Picha na mashine zikakubaliana.

Daktari alithibitisha ugonjwa, akampa dawa ya matone ya kila jioni. Kigen aliegesha lori hadi alipopimwa macho yote mawili kwa pamoja na kuruhusiwa kuendesha tena.

Baada ya miezi sita alirudia vipimo vyote. Hakuna kilichopungua. Kigen alitoka nje akitabasamu hadi masikioni.

"Si umesikia, Mama Cheruto? Hakuna kilichobadilika. Dawa naacha. Nimechoka kujitilia matone kila jioni kama ng'ombe mgonjwa."

Jepchumba hakupunguza mwendo.

"Ukiteremka ule mteremko mkali wa Salgaa na breki zinashika vizuri, huwa unazing'oa?"