Damu ya Kitovu

JUMANNE, SAA 9:00 ALASIRI

Bastola ilikuwa juu ya meza, kati ya kopo la dawa ya kupe na sahani ya mihogo ya kukaanga. Telesfori aliiweka pale makusudi. Aliyetaka muhogo ilibidi mkono wake upite juu ya chuma.

"Hii ni ya kutishia," alisema. "Haitalia. Ikilia, ujue mmoja wenu kazingua."

Kilikuwa chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo, Makanyagio, Mpanda mjini. Watu wanne. Telesfori, mwenye mchongo, aliyefungwa miaka sita kwa unyang'anyi akatoka na sauti ya upole kuliko aliyoingia nayo. Nyanda, dereva, Msukuma mwenye mikono mikubwa na kicheko cha karibu. Recho, karani wa mapokezi wa kliniki ya Uzima Upya. Na Melkiadi, mwenye duka, fundi wa kupandisha ng'ombe kwa mrija.

Bila Melkiadi hakuna dili. Mkoa mzima, watu waliojua kushika mtungi wa naitrojeni, ule ubaridi unaounguza kama moto, bila kujiumiza walihesabika kwa vidole. Yeye alihifadhi humo mbegu za madume. Kliniki ilihifadhi kitu kingine.

"Waeleze," Telesfori alimwambia.

"Seli shina," Melkiadi alisema. "Seli changa, bado hazijaamua zitakuwa nini. Zinaweza kuwa damu, zinaweza kuwa mfupa. Wanazichukua kwenye kitovu mama akishajifungua, wanazigandisha. Halafu wanawadunga wenye fedha zao magotini, wanawaambia watarudi ujana."

"Wanarudi?" Nyanda aliuliza.

"Mama yangu alidungwa. Tuliuza maksai wawili. Mpaka leo anatambaa kwenda chooni."

Telesfori alimega muhogo.

"Mnaona? Hatuibi kwa watu. Tunaiba kwa wezi."

Mpango ulikuwa mfupi. Ijumaa kliniki inasafirisha mtungi kwa ndege ya saa sita. Deusdedit, dereva wao, hajawahi kupita genge la supu la mke wake bila kusimama. Akikaa kula, mtungi wa Melkiadi unaingia kwenye gari lake, wa kliniki unatoka. Mitungi yenyewe mapacha. Halafu barabara ya Kabungu mpaka Karema, ziwani, ambako mnunuzi kutoka ng'ambo anasubiri na boti.

Recho alitoa karatasi kwenye pochi. "Orodha ya vilivyomo."

Melkiadi aliisoma. Vichupa, vichupa, vichupa. Mstari wa tisa ulimsimamisha. *Mfuko mmoja. Damu ya kitovu ya marehemu Deogratias. Kwa matibabu ya dada yake Dina, miaka tisa. Selimundu.*

Dina alikuwa mtoto wa kaka yake Nyanda. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ilimla tangu mdogo, na mwaka jana ilimletea kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea. Mama yake, Helena, alipojifungua mtoto wa pili, madaktari walipima wakaona damu ya kichanga inaoana na ya dada yake. Wakaihifadhi. Ingepandwa mwilini mwa Dina, uboho wake ungeanza kutengeneza damu nzima. Miezi mitano baadaye malaria ilimchukua Deogratias. Kilichobaki cha mtoto yule duniani ni ule mfuko. Nyanda aliwahi kumsimulia haya yote machozi yakimlenga, akiamini kabisa kwamba mfuko ulishakwenda Dodoma zamani.

Melkiadi aliinua macho. Recho alikuwa anamtazama. Yeye ndiye aliyeichapa orodha.

"Kuna nini?" Telesfori aliuliza.

"Vichupa," Melkiadi alisema. "Arobaini." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

IJUMAA, SAA 4:40 ASUBUHI

Kwa siku tatu Melkiadi alijidanganya. Alijiambia watakapofika Karema atauchomoa mfuko kimyakimya, autie kwenye mtungi wake mdogo wa lita tatu, ule anaofunga kwenye pikipiki akienda kwa wafugaji, aurudishe Mpanda. Hakujiuliza ndege ya saa sita ingekuwa wapi wakati huo. Kila mara Nyanda alipomwita "mshikaji wangu" aliangalia pembeni.

Sasa walikuwa kwenye Noah, hatua ishirini kutoka genge la supu. Deusdedit aliingia gengeni akipangusa jasho. Telesfori alimfuata, akaketi mbele yake, akaanza kumsimulia mechi ya jana.

"Twende," Nyanda alisema.

Mlango wa nyuma wa gari la kliniki ulikuwa wazi. Recho alishahakikisha kitasa hakishiki. Melkiadi aliutoa mtungi wa kliniki, ameukumbatia kama mtu anayebeba mgonjwa, asiuinamishe. Nyanda akaingiza ule wa dukani. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa aliwatazama. "Kazi njema, baba zangu," akasema, akapita.

Dakika mbili. Hakuna kelele, hakuna damu. Telesfori alirudi akijichokoa meno.

"Endesha."

SAA 5:05

Barabara ya Kabungu ilikuwa kavu, vumbi jekundu likiwafuata. Telesfori alikaa mbele, Melkiadi nyuma, magoti yameubana mtungi. Nyanda aliimba kidogo kidogo. Simu yake ikalia. Aliiweka sauti ya nje, mkono mmoja kwenye usukani.

"Shemeji!" Ilikuwa sauti ya Helena, kutoka Dodoma, imejaa furaha mpaka inakatika. "Shemeji, mfuko wa Deo unapanda ndege leo! Daktari kaniambia sasa hivi. Kumbe ulikuwa hapo hapo Mpanda siku zote. Jumatatu wanaanza kumpa Dina dawa."

"Mungu mkubwa, shemeji! Mkumbatie huyo mtoto. Mwambie baba mdogo anakuja na zawadi."

Alikata simu. Alicheka, akapiga usukani kwa kiganja. "Mmesikia? Ulikuwa Mpanda! Unapanda ndege leo..."

Kicheko kikafia njiani. Gari lilipunguza mwendo lenyewe, kana kwamba mguu wake ulielewa kabla ya kichwa.

"Unapanda ndege leo," alirudia. "Ya saa sita."

Alisimamisha gari. Aligeuka, akautazama mtungi, kisha akamtazama Melkiadi usoni.

"Melki. Umo humu?"

Melkiadi alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari, mwepesi, kama ule wa Jumanne. Haukutoka.

"Umo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nyanda aligeukia mbele, akaweka gia, akazungusha usukani.

"Unaenda wapi?" Telesfori aliuliza kwa ile sauti yake laini.

"Uwanja wa ndege."

"Ng'ombe wewe. Boti inasubiri."

"Isubiri."

Bastola ilitoka. Melkiadi aliruka kutoka nyuma, akaushika mkono wa Telesfori. Risasi ya kwanza ilimwingia Nyanda ubavuni. Ya pili ilipita kati ya viti, ikatoboa mtungi. Gari likaacha barabara, likalima shamba la tumbaku, likazimika.

Moshi mweupe ulijaa ndani, baridi kama kaburi. Telesfori alifungua mlango akakimbia kuelekea msituni. Wakulima waliosikia milio walikuwa wanakuja na mapanga kutoka pande tatu. Hakufika mbali.

SAA 5:14

Naitrojeni ilikuwa inavuja kwa mlio wa nyoka. Dakika chache tu, na kila kilichomo kingekufa. Mtungi mdogo ulikuwa chini ya kiti, umejaa naitrojeni. Melkiadi aliubeba kwa kisingizio cha kuongezea ule mkubwa njiani. Glavu hakuziona. Melkiadi alifungua kifuniko, akaingiza mkono, akatafuta kasha bapa la chuma katikati ya vichupa. Alipolishika, vidole viligandia. Alilivuta hivyo hivyo, akalizamisha kwenye mtungi mdogo, na ngozi ikabaki kwenye chuma. Hakusikia maumivu. Yalikuja baadaye.

Alimsogeza Nyanda kiti cha pili. Shati lake lilikuwa limelowa mpaka mkanda. Alikuwa anapumua kwa kukoroma, macho nusu.

"Nyanda. Nyanda, ndugu yangu. Usilale."

Gari liliwaka alipojaribu mara ya tatu.

SAA 5:41

Njia panda ya mjini. Kushoto hospitali. Kulia uwanja wa ndege.

Melkiadi alikanyaga breki. Bodaboda nyuma yake ilipiga honi. Alimwangalia Nyanda. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Alitazama saa. Akienda hospitali kwanza, wauguzi watauliza, polisi wataitwa, ndege itaondoka. Akienda uwanjani kwanza, labda Nyanda atavumilia dakika kumi. Labda.

Hakuna aliyemwambia la kufanya. Alikata kulia.

SAA 5:48

Deusdedit alikuwa bado anasaini makaratasi mlangoni, mtungi wa mbegu za madume umekaa kwenye mzani kwa heshima zote. Kando yake alisimama muuguzi wa kusindikiza mzigo, mama wa makamo aitwaye sista Scolastica.

"Siyo huo!" Melkiadi alipiga kelele akiwa bado mbali. "Humo kuna mbegu za ng'ombe! Mfuko wa Dina uko hapa!"

Askari wawili walimlaza chini. Mtungi mdogo hakuuachia mpaka sista Scolastica alipopiga magoti mbele yake.

"Naitrojeni ipo?"

"Ipo. Usiufungue, sista. Kuna mtu kwenye gari, kapigwa risasi. Tafadhali."

Askari mmoja alinyoosha mkono kuchukua mtungi. "Hicho ni kidhibiti, ushahidi wa kesi."

"Afande," sista alisema, "kikikaa kituoni kwako kwa wiki moja, utakuwa umeshika kopo tupu na kesi ya kifo cha mtoto. Kifuate Dodoma kama unakitaka." Akauinua mtungi, akatembea kwenda kwenye ndege. Hakuna aliyemzuia.

Walipofungua mlango wa Noah, Nyanda alikuwa ameegemea kioo kama abiria aliyepitiwa na usingizi. Askari mdogo alimshika shingoni kutafuta mapigo, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatikisa kichwa. Ndege ilikuwa inaunguruma. Melkiadi, uso kwenye changarawe, aliisikia ikiruka.

MIEZI MINANE BAADAYE, SAA 7:30 MCHANA

Helena alikuja gerezani siku ya wageni. Alivaa kitenge kipya, mkononi kapu lenye hotpoti. Melkiadi alimwona kupitia wavu, akatamani aitwe mtu mwingine. Recho na Telesfori walikuwa wameshahukumiwa. Yeye alikuwa wa mwisho, na mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu vinavyokunjika.

"Shikamoo, shemeji," Helena alisema. Hakuwa shemeji yake. Alimwita hivyo kwa sababu ya Nyanda.

"Marahaba. Mtoto?"

"Damu imekubali. Madaktari wanasema inazalisha yenyewe. Jana kanichosha, anataka kuruka kamba." Aliitoa hotpoti kapuni. "Nimekupikia wali wa mchele wa Kibaoni na samaki. Sista Scolastica alinisimulia ulivyoutoa ule mfuko kwa mkono mtupu. Nikasema lazima nije. Nyie wawili mliposikia ninavyoongea kwenye simu, mkageuza gari. Mungu awalipe."

Melkiadi alitazama sakafu. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikuwa anakujua.

"Siyo wawili," alisema. "Aligeuza yeye. Mimi nilijua tangu Jumanne. Jina la Deo lilikuwa kwenye orodha, nikalisoma, nikalitia mfukoni. Nyanda angejua asingeendesha. Nilimficha."

Helena alishika wavu.

"Na pale njia panda," Melkiadi aliendelea, maana akisimama asingeanza tena, "alikuwa bado anapumua. Hospitali ilikuwa kushoto. Hakusema kitu, hakuweza. Nilichagua mimi. Mama yake Nyanda akikuuliza kama yeye mwenyewe aliruhusu mfuko utangulie, mwambie hapana."

Askari wa zamu alipita akigonga funguo kwenye paja. Mahali fulani mtoto wa mgeni mmoja alikuwa analia anataka maji. Helena alitokwa na machozi, hakuyafuta.

Kisha aliinama, akakaza kifuniko cha hotpoti, akairudisha kapuni.

"Dina kanituma nikusalimie," alisema. "Salamu nimefikisha. Hiki chakula nilikipika kabla sijajua."

Akajitwika kapu lake, akatoka.