Mashine Haina Macho

Nasra alitamka maneno machache tu, "Bibi harusi, hina ya Bi Saumu, vidoleni hadi kiwikoni," na ukutani akatokea mwanamwali ambaye hakuna mama aliyepata kumzaa. Mikono yake ilijaa maua ya hina, na kila ua lilikuwa na kikonyo kilichopinda kushoto, ambacho Tanga nzima hakuna aliyekichora ila Bi Saumu mwenyewe. Kazi hiyo ilifanywa na kisanduku cheusi kilicholingana na kibati cha halua, kimekaa juu ya kabati la vyombo. Watu walikiita Mfumaji.

Mfumaji huja mjinga. Ukimpa picha zako mwenyewe, mia mbili au mia tatu, huzitazama mara maelfu mpaka aujue mkono wako, kisha hufuma mpya zisizokuwapo. Katika Tanga ya siku hizo, ambamo roboti zilifagia barabara na mizigo ya Mwezini ilipakiwa kila Jumanne, kila fundi alikuwa na Mfumaji wake.

Bi Saumu alikuwa mjane, mpambaji wa maharusi kwa miaka thelathini na nne, na sasa mikono ilikuwa ikimtetemeka. Nasra, mke wa mwanawe, mhandisi wa mitambo hiyo, hakutaka ufundi ule uzikwe. Shida, mwanzoni, ilikuwa picha zenyewe. Zilipigwa chumbani kwa wanawake, komeo limefungwa, maharusi wamevua mitandio na nywele ziko wazi. Kila mmoja alimwachia Bi Saumu picha zake kama amana, naye alizifungia sandukuni, ufunguo kiunoni.

"Ataziona nani?" aliuliza.

"Mashine tu, Mama. Haina macho. Si mwanamume wala si mwanamke. Ni kama kioo."

Wakakaa kulipima jambo hilo. Je, mwanamke huficha nywele zake mbele ya kioo? Mbele ya paka? Wakacheka. Hawakwenda kumuuliza shehe, maana nani humwendea shehe kwa habari ya sufuria? Bi Saumu akautoa ufunguo kiunoni, akafungua sanduku na kutoa picha zote kwa mkono wake.

Miezi mitatu ikapita. Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, Mbaraka alikuja na kanzu yake akasimama nje ya mlango. Bi Saumu alimkaribisha mara tatu, na mara tatu hakuvuka kizingiti. Mama yake, marehemu Mwanaidi, alipambwa na Bi Saumu zamani, na huo ulikuwa mwaka wa saba tangu afariki.

"Bi Saumu," alisema taratibu, "mama yangu yuko sokoni kichwa wazi."

Bi Saumu akaenda sokoni, akamkuta kweli. Kwenye ukuta-hai wa soko, ule unaofuma tangazo jipya kila baada ya muda, Mwanaidi alikuwa akichana nywele na kutabasamu, anauza mafuta ya nazi. Hata kile kidoti chini ya mdomo kilikuwapo. Wapagazi walikuwa wakinywa kahawa mbele yake. Mmoja, mwenye upara unaong'aa kama sahani, aliwaambia wenzake kwamba kwa nywele zile hata yeye atanunua chupa mbili, nao wakacheka. Bi Saumu akavua kanga yake ya juu akaitundika mbele ya ile sura. Ukuta ukaisogeza picha pembeni, hatua mbili, ikaendelea kuchana. Akaifuata na kanga. Ikasogea tena. Wapagazi wakaacha kucheka, wakatazama chini.

Alirudi nyumbani. Nasra aliposikia, alikaa chini sakafuni. Alieleza kwamba picha za sandukuni hakuna mtu aliyeziona hata moja. Lakini Mfumaji hakujifunza maua tu, alijifunza na nyuso zilizokuwa nyuma ya maua, na Mwanaidi alikuwa na picha nyingi kuliko wote. Mtu akiomba bibi harusi wa pwani, Mfumaji humchota yeye.

"Na huko sokoni amefikaje?"

Nasra akamwambia ukweli. "Niliwafungulia watu Mfumaji wako, Mama. Nilitaka dunia iujue mkono wako. Wamechukua nakala elfu nne na zaidi."

Bi Saumu akauliza kama mashine yaweza kusahau. Nasra akasema haiwezekani, kama chumvi isivyotoka mchuzini. Hiki cha hapa kinaweza kuuawa, lakini nakala zilizokwisha kutoka hazirudishiki.

"Ulinipa kioo, Nasra," alisema Bi Saumu. Hakupandisha sauti. "Kioo hakiendi sokoni. Kiue hiki."

"Kazi yako yote imo humo."

"Na wao wamo. Kiue."

Nasra akakiua, akilia, na Bi Saumu hakumbembeleza. Hasira yake ilikuwa kwa Nasra, kwa wenye ukuta wanaookota uso wa mtu kama embe la njiani, na zaidi ya wote kwa mwenye ufunguo, yeye mwenyewe. Alisali alasiri. Akamwomba Mungu amwondolee hasira ile, kisha akamwomba amwachie kidogo, ya kutembelea nyumba hadi nyumba.

Maana aliwakumbuka wote, wanawake arobaini na mmoja wa picha zile walio hai, na kila mmoja alistahili kuambiwa uso kwa uso. Akaanza na Mwantumu wa Chumbageni, shoga yake wa chuoni. Alisema yote akiwa amesimama, hakuficha la mashine wala la ufunguo, akamalizia kwa kusema kwamba amana imemponyoka na hana cha kurudisha.

Mwantumu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia akae.

"Maiti akioshwa hufungiwa mlango, Saumu," alisema. "Mimi ningali hai, na wangu umeuacha wazi."

Bi Saumu alimwomba radhi. Radhi hakuipata, akatoka nje. Juani aliitengeneza kanga yake kichwani, akaulizia njia ya nyumba ya pili.