Michi Miwili, Neno Moja

Kila jioni, uani kwa Koko Emerance mtaani Alunguli, mjukuu wake Naomie na jirani yao Josiane walitwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda, ule ukishuka. Wiki ile walitwanga na neno la Kiingereza. Mwalimu Adolphine alitafuta mwanafunzi wa kulitamka mbele ya wazazi siku ya sherehe ya shule: reconciliation.

Mwalimu alikwisha kulichambua. Mwanzo wake, re, ni kurudia. Katikati mna kupatana. Mwisho wake hulifanya nomino. Silabi ni sita. Naomie alizijua zote, ila kwa mazoea ya Kifaransa aliukandamiza mwisho.

"Aa, siyo pale!" Josiane alicheka. Darasani yeye hutega sikio kweli. "Tunapiga kwa nguvu kwenye ya tano. Re-kon-si-li-EY-shen!"

Wakatwanga hivyo mpaka sombe ikalainika na neno likakaa mdomoni.

Kesho yake Naomie alilitamka barabara. Akachaguliwa.

"Nani amekufundisha?" mwalimu aliuliza.

"Hakuna. Nimejifunza mwenyewe."

Josiane aliinamisha kichwa. Jioni hakuja. Naomie alitwanga peke yake, mikono ikamuuma, na roho pia.

"Leo nasikia muchi mumoja tu," Koko alisema. "Josiane iko wapi?"

Naomie aliangua kilio, akaeleza yote.

"Wakati wa vita," Koko alisema polepole, "mimi na koko yake Josiane tulikimbilia porini. Mimi nilibeba kinu, yeye michi. Kila mutu angeshika chake, njaa ingetumaliza. Na wewe unasema kupatana, huku umemufukuza mwenzako?"

Asubuhi Naomie alisimama darasani.

"Mwalimu, nilidanganya. Ni Josiane njo alinifundisha."

"Basi nafasi hii ni ya Josiane," mwalimu alisema.

Ilimuuma Naomie, lakini hakubisha. Josiane akasimama kando yake.

"Mwalimu, muchi mumoja hautoshi," alisema. "Tutasema wawili."

Siku ya sherehe walisimama mbele ya wazazi na kinu chao. Huyu silabi, yule silabi. Ya tano wakaitamka kwa pamoja, kwa nguvu. Vigelegele vikapaa.

Koko aliwashika mikono. "Mutu akikusaidia, umutaje mbele ya watu. Sifa ya kuiba haishibishi. Sasa twende, sombe inawangojea."