Kivumbasi cha Mageni

Siku tatu mfululizo Asteria alichuma kivumbasi nyuma ya nyumba, na siku zote tatu majani hayakunukia. Aliyafikicha. Aliyachemsha hadi maji yakawa meusi. Hakuna harufu. Mumewe Onesmo, mchimba dhahabu wa Kharumwa, aliyanywa akazidi kuwaka homa.

Kile kivumbasi alikipanda Mageni, mjane wa kaka yake Onesmo, aliyekuwa akiwatibu majirani wote nacho. Kaka alipofariki, Onesmo alimtangaza shemeji yake kuwa mchawi, akamfukuza nyumbani humo, akahamia yeye na mkewe. Mvua zikamkuta Mageni kwenye kibanda cha kuazima, akashikwa na homa. Alirudi kugonga, akiomba majani tu ya kujitibu. Onesmo aliegemea mlango kwa ndani. Asteria alikuwepo, akanyamaza. Wiki hiyohiyo Mageni alizikwa.

Siku ya nne, mchana kweupe, chumba kilianza kunuka udongo mbichi wa kaburi. Onesmo akafumbua macho, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya kike, imejaa kikohozi.

"Asteria, nichumie majani. Nakufa."

Asteria alikimbia kumleta mganga Mwigulu. Mzee yule alifika mlangoni, akagoma kuingia.

"Mayu, mama yangu, huyu si jini wa kufukuzwa kwa ubani," alinong'ona. "Ni mwenye nyumba. Dawa yake haitawatii. Aliacha mtoto?"

"Yupo Doto, binti yake. Anaishi Masumbwe."

"Mwiteni, mumwombe radhi. Achume yeye."

Doto alifika kesho yake. Asteria alimpigia magoti, akamweleza yote, hata lile la mlango. Binti alikwenda bustanini, na alipokata shina la kwanza tu harufu ya kivumbasi ikajaa ua mzima, ikapenya dirishani, ikafukuza ule uvundo wa udongo, na Asteria akapuliza moto huku akilia kwa shukrani. Dawa ilipoiva, Doto alimwinua mgonjwa kichwa, akamsogezea kikombe. Na Onesmo, machozi yakimchuruzika hadi masikioni, akaachama ili anywe, lakini kabla tone halijamgusa ulimi ikatoka humo kinywani sauti ileile ya kike, sasa tulivu, bila kikohozi, kama ya mama anayemzuia mtoto asiungue:

"Usimpe, mwanangu."

Doto alimrudisha baba yake mdogo kichwa kitandani. Kisha akaimwaga dawa sakafuni, taratibu, hadi ikaisha.

Onesmo alikata roho kabla ya jioni.

Asteria alirudi Songwa kwa kaka yake, Fredy. Kule hakuna anayemgusa wala anayemdai neno. Ila wifi yake amekataa kupika naye, kwa sababu Asteria akiwa peke yake jikoni hubishana kwa sauti mbili, na akijifunga kanga mdomoni, ni moja tu inayonyamaza.