Mwandiko wa Baba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Maswali alipanda ngazi ya mbao iliyoegemezwa ukutani, akachungulia juu ya paa na kukagua vibati vyake vinane. Kila kibati kilipakwa rangi tofauti na kukwaruzwa namba kwa msumari. Alitazama rangi ipi imebabuka, ipi imefifia, ipi bado imeshika. Kisha alishuka na kuandika aliyoyaona katika daftari ambalo jalada lake lilikuwa limeganda rangi mpaka likawa gumu kama ubao.

Jina lake halisi lilikuwamo kwenye orodha ya mahudhurio, lakini hakuna aliyelitumia. Darasa zima lilimwita Maswali tangu siku alipomuuliza mwalimu wa hesabu kwa nini sifuri inaitwa namba ilhali haihesabu kitu, na mwalimu akatoka nje kidogo kupunga upepo. Sasa alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, yuko darasa la mwisho la shule ya msingi, na maswali hayakuwa yamepungua hata moja.

Baba yake alikuwa fundi wa mabango. Maduka ya mtaa ule, vinyozi, gereji na zahanati, vyote vilikuwa na herufi zake mlangoni. Alisoma miaka minne tu, akatolewa shule, na hata sasa alisoma polepole, kidole kikitangulia chini ya mstari. Lakini kuandika aliandika. Herufi zake zilisimama wima kama askari kwenye gwaride, na watu waliapa kwamba amezipiga kwa mashine.

Mke wake, mama yake Maswali, alifariki miaka mitatu iliyopita, akiwa kwenye benchi la hospitali, akimsubiri daktari aliyesemekana yuko mkutanoni. Tangu siku hiyo baba hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye ofisi. Barabara ikitoboka, alisema, mkubwa hubadilisha gari, habadilishi barabara. Jirani mmoja aliwahi kumwambia kwamba si wakubwa wote walio hivyo. Baba alimjibu kwamba yeye anawasubiri hao wengine, wakija wapige hodi.

Jumatatu moja mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ndogo, alimwita Maswali ofisini. Akampa fomu ya kurasa nne. Serikali ilikuwa inatafuta watoto kumi na wawili katika nchi nzima, iwapeleke nje kusoma sekondari ya sayansi, ada, nauli na chakula juu yake. Kila shule ilipewa fomu moja tu. Walimu walikuwa wamekaa, wakamchagua yeye. Fomu irudi Ijumaa kabla ya saa kumi alasiri, na ikiharibika, hakuna nyingine.

Maswali hakumbuki alitokaje mle ofisini. Anachokumbuka ni kwamba alimkuta jirani yake wa dawati, msichana waliyemwita Redio kwa sababu habari haikulala ndani yake, akamnong'oneza. Kabla ya kengele ya mapumziko, shule nzima ilikuwa inajua, na mtoto mmoja wa darasa la pili alishamuuliza kama huko anakokwenda watu hutembea kichwa chini.

"Ukifika huko utatusahau," Redio alimwambia, akijifanya amenuna.

"Wewe husahauliki," Maswali akamjibu. "Mpaka leo sikio langu hili moja halijapona."

Baba alipoiona fomu aliigeuza mara tatu, akatafuta mtego. Alisema nafasi kumi na moja lazima zina wenyewe, watoto wa wakubwa, na hiyo moja iliyobaki ndiyo itakayogombaniwa na nchi nzima. Lakini Maswali aliona jinsi alivyonawa mikono mara mbili kabla ya kuishika tena.

Kurasa mbili za fomu zilikuwa za insha: mwombaji aeleze jambo alilolichunguza mwenyewe. Maswali hakuhitaji kufikiri. Aliandika kuhusu vibati vyake. Alikuwa amegundua kwamba kwenye bango moja, herufi nyeusi za upande wa jua hubabuka kabla ya nyeupe, akataka kujua kwa nini. Alipogusa vibati saa sita mchana, cheusi kilimuunguza kidole, cheupe kilikuwa vuguvugu tu. Miezi saba alipanda na kushuka ngazi kuvikagua. Siku nne mfululizo aliandika, akafuta, akaandika tena katika daftari la mazoezi, ili Ijumaa mchana anakili kwenye fomu.

Tatizo lilikuwa mwandiko. Maswali alifikiri haraka kuliko mkono wake, na karatasi zake zilionekana kama kuku amekanyaga wino, akakatiza akienda zake.

Ijumaa alipewa ruhusa saa saba. Alikimbia njia nzima. Alipofika nyumbani alimkuta baba amesimama mlangoni, mikono nyuma, uso wake una kitu ambacho Maswali hakuwa amekiona tangu mama aondoke. Baba alikuwa anatabasamu.

Juu ya meza kulikuwa na fomu, imejazwa yote. Baba hakwenda kazini siku hiyo. Asubuhi nzima, neno kwa neno, kidole kimoja juu ya daftari na kalamu katika mkono wa pili, alikuwa amenakili insha ya binti yake kwa herufi zake zilizosimama wima. Hakukuwa na doa wala neno lililofutwa. Ilikuwa nzuri mno.

"Wakubwa hawasomi," alisema. "Wanatazama tu. Sasa watazame."

Maswali alimrukia shingoni. Alikuwa bado amemkumbatia pale macho yake yalipoanguka chini kabisa ya ukurasa wa nne, kwenye mstari wa herufi ndogo: *Insha iandikwe na mwombaji kwa mkono wake mwenyewe.*

Alifungua mdomo. Akamtazama baba, ambaye sasa alikuwa anapuliza ukurasa wa mwisho ili wino ukauke, taratibu, kama mtu anayepuliza uji wa mtoto. Maswali akafunga mdomo. Alijiambia kwamba maneno ni yake yote. Alijiambia kwamba nani atajua. Saa nane na nusu walikwenda pamoja kuikabidhi shuleni, na baba aliibeba kwa mikono miwili.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Watoto tisa wa wilaya ile walikuwa wameitwa kwenye usaili, na Maswali alikuwa mmoja wao. Redio alilia kwa furaha, halafu akaenda kutangaza. Maswali mwenyewe hakula vizuri siku mbili. Furaha ilimjaa mpaka kooni, na chini ya furaha kulikuwa na kile kimstari cha herufi ndogo, kikimchoma kama changarawe ndani ya kiatu.

Siku ya usaili Maswali na baba waliambiwa wafike ofisi za wilaya saa mbili asubuhi. Walifika saa moja na nusu. Kazi ilianza saa tano. Sababu haikutolewa, maana anayekaa kwenye benchi hapewi sababu. Benchi lenyewe lilikuwa na miguu mitatu mizima, na wazazi walilikalia kwa zamu. Baba alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, kwamba pengine serikali imepeleka mguu wa nne nje kusoma. Wazazi wote walicheka, na karani aliyepita na faili akacheka pia, akauficha uso.

Maswali alipoitwa aliingia peke yake. Kulikuwa na wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wao. Alisalimu, "Shikamooni," wakaitikia, akaketi kwenye ukingo wa kiti.

Mama mwenye miwani alimuuliza kuhusu vibati. Hapo Maswali akasahau hofu. Alieleza rangi moja baada ya nyingine, akaonyesha kwa vidole jinsi nyeusi inavyoanza kupasuka pembeni, akasema kwamba kibati namba sita, cha kijani, kilimsumbua kwa sababu hakikufuata kanuni yake, na mpaka leo hajui kwa nini. Mwanaume mmoja akamwambia pengine kilipakwa mara mbili. Maswali akamtazama kwa macho makubwa, akamuuliza kama rangi nene hupasuka mapema au hukawia. Mwanaume akasema hajui. Wote wakacheka.

Kisha mama mwenye miwani akamsogezea karatasi nyeupe na kalamu, akamwomba aandike sentensi tatu kuhusu hicho kibati namba sita.

Maswali aliandika. Mama akaichukua karatasi, akaiweka kando ya fomu. Upande mmoja kulikuwa na askari kwenye gwaride, upande wa pili kuku na wino wake.

Mwanaume aliyeshindwa swali la rangi alikuwa na roho nzuri. Alisema labda mtoto ameumia mkono siku za karibuni.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, "ndiyo," na angepita. Maswali alifikiria nje ya nchi, maabara ambayo hajawahi kuiona, meli au ndege. Alimfikiria baba kwenye benchi.

"Sijaumia," alisema. "Fomu aliiandika baba yangu. Maneno ni yangu, lakini mkono ni wake. Yeye hakuliona sharti. Mimi nililiona kabla hatujaipeleka, nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?" mama akauliza.

Maswali alisema kwamba baba yake alikuwa amefurahi.

Walimtuma karani amwite baba. Aliingia akiwa amekunja ngumi kabisa, tayari kwa vita alivyovisubiri miaka mitatu. Alianza kusema kwamba alijua, kwamba maskini hutafutiwa kasoro, kwamba mwandiko si kosa la jinai. Mama mwenye miwani alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Ndipo akamsomea ule mstari wa chini, polepole, na kumwambia alichosema binti yake.

Baba alimtazama Maswali muda mrefu. Ngumi zilifunguka zenyewe.

"Uliona?" aliuliza.

"Niliona, baba."

Mama mwenye miwani alisema kosa ni kosa, na litakatiwa alama. Lakini akasema pia kwamba mezani pake kuna fomu nyingi zilizoandikwa kwa mkono wa mtoto na kichwa cha mtu mzima, na wenyewe walipoulizwa walikula kiapo. Hii ndiyo ya kwanza kuiona iliyoandikwa kinyume, na mwenyewe akasema. Alimpa Maswali karatasi tupu na saa moja. Aandike insha upya, mle mle chumbani, bila daftari, kwa kuku wake.

Aliandika kurasa tatu. Alifuta mara nyingi, na wino ulimpaka mpaka kidevuni. Alipomaliza, aliongeza aya nzima kuhusu unene wa rangi, maana swali lile lilikuwa halijamtoka kichwani.

Majibu yalikawia mwezi na siku nne zaidi ya walivyoahidi, na baba alikuwa na la kusema kila siku ya huo mwezi. Halafu alasiri moja akaitwa shuleni. Aliacha bango la kinyozi nusu, akaja na brashi mfukoni. Mwalimu mkuu alisoma majina kumi na mawili kwa sauti yake ndogo, na Maswali aliyahesabu moja moja. La mwisho kabisa, la kumi na mbili, lilikuwa lake.

Nje ya dirisha Redio alikuwa amesikia. Kelele za uwanjani zilithibitisha.

Mwalimu mkuu alimshika Maswali mabega, akasema alama alizokatwa zilikaribia kumtoa, na ukweli ndio uliombakiza. Kisha akawaacha wawili wale ofisini, akatoka kwenda kunyamazisha shule.

Baba alizungumza akitazama sakafu.

"Mwanangu, miaka yote nimewalaumu wakubwa kwamba hawatuoni. Na bado nawalaumu, lile benchi halifai kukaliwa na binadamu. Lakini siku walipotaka kukuona wewe, mimi nikasimama mbele yako na mwandiko wangu. Niliona haya kwa ajili yako, wakati hukuwa na la kuonea haya. Hilo ni kosa langu, si la serikali." Akapumua. "La kwako ni hili. Ulijua, ukanyamaza ili nisiumie. Usinifanyie hivyo tena, mimi wala mtu mwingine. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli siku ileile, ukweli wenyewe ungali mdogo. Ukiuacha unakua, na siku utakapoutoa mtaona aibu wote wawili."

Maswali alitikisa kichwa kukubali. Nje, watoto walikuwa wanaimba jina lake, lile la utani. Alifuta uso kwa kiganja.

"Basi nikwambie ukweli mwingine leo," alisema. "Nataka kwenda, baba, nataka mpaka silali. Lakini naogopa kukuacha peke yako."

Baba alinyanyua macho.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Nenda."