Mtangazaji Aliyejizima Sauti

Jumamosi ile supamaketi ilifurika, watu wanagongana vitoroli, na juu kwenye kijichumba chake mtangazaji wa bei alikuwa anatangaza punguzo la sabuni bila kusikika na mtu hata mmoja. Akashuka ngazi mbio na viatu vyake vyekundu vya visigino, akamvaa fundi kifua kwa kifua kwenye friji za maziwa.

"Pole, dada. Wewe ndiye sauti iliyopotea?"

"Na wewe ndiye fundi aliyechelewa?"

Shati jeupe, mikono imekunjwa, ananukia vizuri huyo! Mtangazaji moyo ukamwenda mbio.

"Kompyuta zenu zote mbili zinatumia mfumo wa Linux, hazina ubaya," fundi alimweleza kule juu. "Sauti inatoka hii yako, inapita kwenye mtandao, inaingia ile ya chini yenye spika. Ile ya chini ikifunga mlango wake, hapa utapayuka bure." Akamwonyesha amri ya kufungua mlango huo, na ya kuufunga pia. Jamani, mtu aliyekwisha kupenda humwonyeshi kitu kama hicho.

Basi sauti ikawa inakatika kila wiki. Mtangazaji anaufunga ule mlango wa sauti kwa amri, anapaka wanja, anapiga simu.

"Fundi wangu, imegoma tena."

"Imegoma, au umenikumbuka?"

"Vyote. Njoo bwana!"

"Nakuja, malkia. Usiguse kitu."

Akija, wanakaa bega kwa bega, wanataniana, na busu moja mbili zinaibiwa. Mtangazaji alishamwambia dada yake aanze kuangalia magauni ya harusi.

Meneja ndiye aliyechoka. Alimsimamisha fundi mbele ya makeshia wote, akamfokea: "Ufundi gani huu wa kubahatisha? Leo ndiyo mwisho. Bosi wako nampigia sasa hivi akufukuze!"

Mtangazaji akajipenyeza mbele. Mpenzi wake anapoteza kazi kwa ajili yake!

"Usimwonee, bosi. Ni mimi. Nilikuwa naizima mwenyewe ili aje."

Akamgeukia fundi, akingoja ashikwe mkono. Fundi alikuwa anafunga zipu ya begi lake.

"Najua," alisema. "Tangu mara ya pili. Kompyuta inaweka kumbukumbu ya kila amri na aliyeitoa."

"Ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unatuchekesha. Pale ofisini tulikuwa tunashindana kukisia siku utakayopiga. Mchumba wangu ndiye aliyekuwa anapatia."

Keshia mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakafuata. Meneja akanyoosha kiganja kudai ufunguo wa kijichumba. Mtangazaji akautoa. Alitaka kumtukana yule mwanamume, na matusi anayajua, lakini aliumia mno, kilichomtoka ni kilio tu.

Fundi akamsubiri apite, kisha akamuuliza meneja, "Huyo mtangazaji mpya nije nimfundishe lini?"